Herufi za Mhandisi: Tunasoma za Mbele, Tunaruka za Nyuma

Chukua kadi yoyote ya mchango wa harusi iliyoingia kwenye simu yako mwaka huu, huenda ukakutana na "Familia ya Eng. na Bi. Fulani wa Tabata Segerea". Hutakutana na familia ya Mhasibu, wala ya Bwana Shamba. Hata ya Mwalimu ni nadra, ingawa Mwalimu mmoja aliongoza nchi hii kwa jina hilo na likamtosha. "Eng." imeshaingia kwenye safu ya Mhe., Dkt., Prof. na Alhaji, majina ya kukaribishwa meza ya mbele. Magazeti nayo yana "Mha." yao. Sina ugomvi na heshima ya ukumbini. Ninacholalamikia ni kwamba katika herufi zote anazobeba mhandisi, hizo za mbele ndizo tunazozipa uzito, na ndizo zisizokuambia karibu chochote.

Tutunge kadi ya biashara, maana za kweli zina wenyewe: "Eng. Fulani wa Fulani, BSc (Civil), MSc, MBA, PE, MIET, PMP." Inapendeza. Sasa isome polepole. BSc na MSc zinasema alisoma uhandisi ujenzi chuoni na akaongeza shahada ya pili. MBA inasema alisoma biashara, jambo jema, ila haibebi ghorofa. MIET inasema ni mwanachama wa taasisi ya wahandisi (ipi, tutaona). PMP ni cheti cha usimamizi wa miradi kinachotolewa kwa mtihani na taasisi ya Marekani, na anaweza kukipata meneja wa masoko au wa hospitali bila kugusa saruji maishani. Zimebaki herufi mbili, PE. Hizo ndizo zinazosema kwamba kuna chombo cha dola kimempima huyu mtu, kimempa namba, na kinaweza kumfutia. Jengo likianguka, hizo ndizo zitakazomfuata hadi kizimbani. Kwenye kadi zimebanwa katikati kama abiria wa kiti cha nyuma cha daladala, na mpiga chapa angeziruka hakuna ambaye angegundua.

Kwa wanasheria tumeshaelewa. Mwenye LLB hatumwiti wakili. Tunajua bado ana Shule ya Sheria ya kupita, na jinsi shule hiyo inavyorudisha watu nyuma kila ukoo una simulizi yake. Halafu aapishwe na jina liingie kwenye daftari. Daktari vilevile: amemaliza MD, lakini ana mwaka wa mazoezi hospitalini kabla ya kupewa leseni kamili. Kwa mhandisi tunaruka hatua zote. Joho limevuliwa Jumamosi, Jumatatu ni Eng., na mjomba ameshampigia simu aje kumwangalizia msingi wa nyumba Kibaha.

Sheria haikuruka. Tanzania ina sheria ya kusajili wahandisi tangu 1968, na ya sasa ni ya 1997, inayosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ambayo wengi tunaiita ERB. Mwenye shahada inayotambuliwa huanza kama Mhandisi Mhitimu. Ngazi hiyo ni ya kujifunza kazi chini ya mtu mwingine, kwa kawaida miaka mitatu, na tangu 2003 upo mpango wa mafunzo kwa vitendo unaoitwa SEAP, unaowapeleka wahitimu kwenye miradi chini ya wasimamizi waliosajiliwa. Baada ya hapo anapeleka ripoti za kazi alizofanya kwa mikono yake, anahojiwa na waliomtangulia, na akipita anakuwa Mhandisi Mtaalamu, ndiyo ile PE ya kadi yetu. Juu yake yupo Mhandisi Mshauri, aliyekomaa vya kutosha kushauri kwa jina lake mwenyewe. Kwenye Siku ya Wahandisi hula kiapo hadharani. Wapo wanaokiona kiapo hicho ni sherehe tu ya kupigia picha. Mimi nakipenda, kwa sababu ni mara chache sana katika nchi hii mtu anasimama mbele ya watu na kusema, nikikosea nishikeni mimi.

Kati ya Mhitimu na Mtaalamu ndipo palipo na habari yote. Mtaalamu anapotia saini na kugonga muhuri kwenye mchoro wa msingi, amesema kwamba udongo ule utabeba uzito ule, na kwamba hesabu anazo. Mhitimu anaweza kuwa hodari kuliko yeye, anaweza hata kuwa ndiye aliyezifanya hesabu zenyewe usiku kucha. Lakini mzigo si wake. Ukimwita wa kwanza Eng. na wa pili Eng., umefuta mstari ambao sheria iliuchora kwa makusudi.

Leseni ya namna hii haikuanzia kwenye fahari ya taaluma. Jimbo la kwanza Marekani kuwataka wahandisi wawe na leseni ni Wyoming, mwaka 1907, na kisa kilikuwa maji ya kumwagilia. Watu waliomba haki ya kutumia mito kwa kupeleka ramani, na ramani hizo zilichorwa na yeyote aliyeshika kalamu, wakiwemo wanasheria na mashahidi wa viapo. Mifereji ikawa haikutani na vipimo. Mhandisi wa jimbo akachoka. Kutoka kwenye uchovu huo ndipo ilipotoka PE ya Marekani, ambayo mpaka leo hutolewa jimbo kwa jimbo: mtihani wa kwanza karibu na kumaliza chuo, kwa kawaida miaka minne ya kazi, halafu mtihani wa pili. Sisi PE yetu tunaipata zaidi kwa ripoti na mahojiano. Herufi ni zilezile, njia si ileile, na mwenye PE ya Dar es Salaam hawezi kutia saini mchoro Texas kwa kuonyesha kadi.

Kenya wana Sheria ya Wahandisi ya 2011 na bodi yao, EBK, yenye ngazi za mhitimu, mtaalamu na mshauri kama zetu. Kujiita mhandisi bila usajili ni kosa. Lakini huko ndiko tulikoona jinsi shahada na usajili vinavyoweza kugombana mchana kweupe. Chuo kikuu cha umma kinamtunuku kijana shahada ya uhandisi, bodi inasema kozi hiyo hatuitambui. Wahitimu zaidi ya 100 walikwenda mahakamani, na kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Upeo, iliyotoa hukumu 2018. Fikiria mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo ya miaka mitano, halafu mtoto anakaa miaka mingine akisubiri majaji waamue kama alichosoma kina jina. Kijana anayechagua kozi leo, awe Eldoret au Mbeya, aulize mapema kama bodi inaitambua kozi hiyo kabla ya kuuliza kama chuo kina jina kubwa.

Hiyo miaka mitano nayo imezaa ubishi wa bure. Wakenya husema shahada yao ya uhandisi ni nzito kwa sababu ni ya miaka 5, yetu na ya Waganda ni ya 4. Hesabu ni rahisi. Aliyepita mfumo wa 8-4-4 ana 8 ya msingi, 4 ya sekondari na 5 ya chuo: 17. Mtanzania ana 7, 4, 2 za kidato cha tano na sita, na 4 za chuo: 17. Mwaka 2012 bodi za nchi hizi tatu zilitiliana saini makubaliano ya kutambuana, lakini yanamhusu mhandisi aliyekwisha kusajiliwa kwao. Cheti cha chuo peke yake hakivuki Namanga.

Sasa tuje kwenye herufi za shahada, ambako ndiko vijana wanakopigana vikumbo. Swali linalorudi kila msimu wa udahili: BSc ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na BEng ya DIT au ya MUST pale Mbeya, ipi kubwa? Kwa bodi, zote ni lango la ngazi ileile, ilimradi kozi inatambuliwa. Tofauti inatokana na historia. Dar es Salaam walianza kitivo cha uhandisi 1973 wakiwa chuo kikuu, wakatoa shahada ya sayansi kama vyuo vikuu vingi vya mtindo wa Kiingereza. Vyuo vya ufundi vilipanda taratibu hadi kutoa shahada, na vikaiita BEng, yaani shahada ya uhandisi. Kama unataka kujua nani amefundishwa vizuri, waulize walipofanyia mafunzo ya vitendo.

Penye hatari ya kweli ni BTech, shahada ya teknolojia. Mhindi aliyemaliza BTech kwenye moja ya taasisi za teknolojia za IIT amesoma uhandisi kamili wa miaka minne, na mlango wa kuingia ni mwembamba kuliko wa chuo chochote chetu. Kenya, BTech ni ya mwanateknolojia, na tangu sheria ya 2016 wanateknolojia na mafundi wana bodi yao tofauti na EBK. Afrika Kusini, BTech ya zamani ilikuwa mwaka wa kuongezea juu ya stashahada. Herufi tano, nchi tatu, watu watatu tofauti. Afisa utumishi anayechambua maombi ya kazi kwa kutazama ufupisho tu atamtupa mtu sahihi na kumwita asiye sahihi. Tena India, pamoja na ukubwa wake wote, haina leseni ya kitaifa ya wahandisi inayofanana na yetu, kwa hiyo usimuulize mhandisi wa Pune kwa nini hana "PE ya India".

Wazee waliosoma Umoja wa Kisovieti waliyaonja haya zamani. Walikaa miaka mitano au sita, mmoja ukiwa wa kujifunza Kirusi, wakarudi na karatasi iliyoandikwa diploma. Hapa kwetu diploma ni stashahada ya miaka mitatu baada ya kidato cha nne. Dipl.-Ing. ya Ujerumani nayo, kabla ya mageuzi ya vyuo vikuu vya Ulaya, ya Bologna, yaliyoanza 1999, ilikuwa karibu sawa na shahada ya uzamili. Ukifika Lubumbashi, ambako Kiswahili ni lugha ya mgodini na sokoni, utakuta Ir. na Ing., urithi wa Wabelgiji. Ir. ni mhandisi wa chuo kikuu, Ing. kwa desturi ni wa njia fupi ya kiufundi. Mwandikie Ir. barua yenye Ing. uone atakavyokujibu. Nenda Prague, Ing. hiyohiyo ni ya mtu mwenye shahada ya uzamili. Na ile MIET ya kadi yetu? Taasisi ya Wahandisi Tanzania hujiita IET. Uingereza, tangu 2006, ipo IET nyingine ya uhandisi na teknolojia, kubwa na ya kimataifa, ambayo wanachama wake huandika MIET. Kadi haisemi ni ipi, na wengine wanafurahi isiposema.

Uingereza kwenyewe wana msimamo unaoshangaza wageni. Yeyote anaweza kujiita mhandisi. Anayekuja kutengeneza mashine ya maji moto jikoni ana gari dogo lililoandikwa mhandisi ubavuni, na hakuna anayemshitaki. Kinacholindwa ni herufi za usajili za CEng, IEng na EngTech, zinazotolewa chini ya Baraza la Uhandisi lenye hati ya kifalme ya 1981. Ndiyo maana "Eng." mbele ya jina lako haimwambii kitu mtu wa London, na Toronto wanakuuliza kama una P.Eng., leseni ya jimbo lao. Saudi Arabia hawakuulizi kadi kabisa: bila kuidhinishwa na Baraza la Wahandisi la nchi hiyo, hutambuliwi kama mhandisi kwenye kibali chako cha kazi, hata kama ukumbini kwenu wanakusimamia.

Niliyemsahau mpaka hapa, kama tunavyomsahau wote, ni fundi sanifu. Kabla ya ngazi hizi za NTA za elimu ya ufundi kulikuwa na FTC, cheti kamili cha ufundi cha miaka mitatu, kilichotolewa na vyuo vya ufundi vya Dar es Salaam, Arusha na Mbeya. Mwenye FTC aliitwa fundi sanifu. Chini yake alikuwepo fundi mchundo, juu yake mhandisi. Muundo huo wa utumishi bado upo kwenye matangazo ya ajira serikalini, na si muundo wa dharau. Mhandisi anakokotoa nguzo iwe na unene gani na nondo ngapi. Fundi mchundo anazisuka nondo. Fundi sanifu ndiye anayejua kama kilichosukwa ndicho kilichochorwa. Ndiye anayejaza zege kwenye koni, anaivua, anatazama limeshuka kiasi gani, na analirudisha lori lililoongezwa maji njiani. Ndiye anayemwaga zile tofali ndogo za zege za majaribio, anaziandika tarehe, anazipeleka maabara zivunjwe siku ya 7 na siku ya 28.

Leo fundi sanifu anaona haya kujitambulisha hivyo. Saiti wanamwita Eng. kwa sababu anavaa kofia nyeupe, naye anaitikia, na baada ya mwaka ameanza kuiandika. Simlaumu sana. Tumejenga jamii ambayo kati ya "Eng." na "fundi maiko" hakuna nafasi ya kusimama. Mwenye stashahada nzuri anarudi chuoni kutafuta shahada, na wakati mwingine anatafuta zaidi jina kuliko elimu. Anaporudi anataka ofisi. Kazi ya koni na lori anaachiwa kijana wa kibarua. Bodi kwa sasa inasajili pia mafundi sanifu, hatua nzuri, lakini usajili hauwezi kushindana na kadi ya harusi.

Wapo watakaodhani ninachotaka ni msako: tuwakamate wanaojiita Eng. bila namba. La. Kilichotokea Oregon kinatosha kututahadharisha. Mtu mmoja mwenye shahada ya elektroniki kutoka Sweden alianza kuchunguza muda wa taa ya njano barabarani baada ya mkewe kupigwa picha na kamera ya taa nyekundu mjini Beaverton. Akafanya hesabu, akaona kanuni iliyotumika kwa miongo mingi haimtendei haki dereva anayepunguza mwendo ili akate kona. Akawaandikia wahusika, na kwenye barua akasema yeye ni mhandisi. Bodi ya jimbo, badala ya kuzijibu hesabu, ikampiga faini ya dola 500 kwa kujiita mhandisi bila leseni. Alikwenda mahakamani, na Desemba 2018 akashinda. Mwaka 2020 taasisi ya wahandisi wa usafiri ikaikubali hoja yake kuhusu magari yanayokata kona. Bodi inayolinda jina kuliko inavyolinda watu inafika huko. Mtu aruhusiwe kusema anajua hesabu. Asichoruhusiwa ni kutia saini mchoro wa ghorofa.

Kwa hiyo swali langu si nani anajiita nini. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka jingine Kariakoo, watu wakiwa ndani wakifanya biashara. Kila mara, kabla hata vumbi halijatua, taifa zima linauliza nani alisaini. Swali sahihi, limechelewa. Linapaswa kuulizwa na anayetoa pesa, siku msingi unapochimbwa, na kuuliza hakuhitaji usomi: jina lako kamili kama lilivyo bodini, namba yako ya usajili, ngazi yako, na fani yako. Fani ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mhandisi Mtaalamu wa umeme ni mtaalamu kweli, ila akikusainia nguzo za ghorofa sita amekuuzia muhuri tu. Orodha ya waliosajiliwa haifichwi, na mwenye namba ya kweli hakasiriki kuulizwa. Anayekasirika, mshukuru kwa muda wake na uagane naye.

Watu hawaulizi kwa aibu. Utamuulizaje mtu mzima, shemeji yake fulani, kama kweli yeye ni yeye? Ndiyo maana naona kazi hii apewe bango. Mabango ya saiti yapo tayari, na mengi ninayoyaona yana mwendelezaji, mkandarasi na kampuni ya washauri. Yaongezewe mstari mmoja: jina la mtu aliyetia saini michoro ya mihimili na nguzo, na namba yake ya bodi, kwa maandishi ya ukubwa uleule wa jina la kampuni. Nafasi ipo. Kwa sasa imejazwa picha ya jengo likiwa limekamilika, na namba ya simu ya dalali anayeuza vyumba ambavyo havijapigwa lipu.